Kiberenge Nilichokitia Kutu

Mwanangu wa mwisho, Beka, ana tabia ya kunisogezea simu usoni wakati mikono yangu imejaa rangi. Mimi ni mchora vibao hapa Singida Mjini. Saluni, maduka ya dawa za mifugo, "Usikojoe Hapa", vyote vinapita mikononi mwangu, na kibanda changu kinanuka thina tangu ninapofungua hadi ninapofunga. Siku hiyo alinionyesha video ya mzee mmoja wa nchi za mbali, amevaa miwani juu ya miwani, ameinamia meza na brashi yenye nywele chache. Mbele yake kulikuwa na vigari vya reli vya kuchezea, lakini si treni yenyewe. Vilikuwa vile vya mafundi: behewa la kokoto, behewa la mataruma, tanki la maji na kiberenge. Mzee alikuwa anavipaka kutu.

"Mama, huyu hayuko sawa," Beka akasema huku anacheka. "Kanunua kitu kipya, halafu anakichakaza."

Nilimwambia aniondolee simu yake, nina kazi. Nilisema kwa ukali kuliko alivyostahili, maana mtoto hakuwa na kosa. Nikatoka nje, nikasimama kando ya barabara bodaboda zikinipigia honi, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nikaisikia wazi sauti ya baba ikiniambia kwamba kutu haiji hivi hivi.

Kwetu kulikuwa gengini. Wenzangu waliokulia kando ya reli upande wa Manyoni hawahitaji kuelezwa, lakini kwa wengine niseme tu kwamba gengi ni nyumba za wafanyakazi wa njia ya reli. Zetu zilikuwa sita, za mawe, zimepangwa mstari mmoja katikati ya vichaka, bila duka wala kanisa. Wanaume walitunza kipande chao cha reli: walikaza boliti, walibadili mataruma yanayoshikilia reli, walishindilia kokoto. Maji yaliletwa na treni kwenye behewa la tanki, na siku likichelewa tulinawa uso watu watatu kwa kikombe kimoja. Baba aliendesha kiberenge, kile kigari kidogo cha injini kinachokimbia juu ya reli kikibeba mafundi na zana zao. Aliyekaa naye kila siku bega kwa bega alikuwa Baba Elia, jirani yetu wa ukuta mmoja.

Mama yangu na Mama Elia walikuwa kitu kimoja. Mama alikuwa Mnyiramba wa Misigiri, Mama Elia Mnyaturu wa Issuna, na kila mmoja alidai kwamba lugha ya mwenzake ni ya watu wenye mafua. Walitaniana hivyo kutwa nzima huku wakichambua mboga kwenye ungo mmoja, ungo wa mama, ambao ulikaa zaidi kwa Mama Elia kuliko kwetu.

Mimi nilikuwa na miaka tisa na sikuwa na habari na wanasesere. Nilitengeneza magari ya reli. Kila kopo lililoingia gengini lilikuwa langu kabla hakijaisha kilichomo. La mafuta ya kupikia likawa tanki la maji, la samaki likawa behewa la kokoto, na kiberenge nilikikata kwenye galoni ya oili, kwa sababu bati lake ni gumu na linakunjika bila kupasuka. Magurudumu yalikuwa vizibo vya soda. Reli yangu ilikuwa nyaya mbili nene nilizozipigilia kwenye vijiti, kuanzia mlangoni kwetu hadi chini kwenye jalala, na kote huko ni mteremko.

Kiberenge cha kwanza nilimpelekea baba kikiwa kinang'aa. Akakigeuza geuza.

"Hiki cha nani?"

"Cha kwako, baba."

"Cha kwangu? Mimi nina kipya hivi tangu lini?"

Alicheka, kisha akanishika mkono tukaenda hadi kwenye kiberenge chake kilipokuwa kimeegeshwa. "Yunisi, tazama. Kutu haiji hivi hivi. Inaanza pale maji yanapokaa: hapa chini ya kiti, hapa kwenye kona, hapa boliti ilipokwaruza rangi. Oili inachuruzika kwenda chini, haiendi pembeni. Masizi yako upande wa ekzosi tu. Kila doa lina sababu yake. Ukipaka doa ambalo huwezi kunieleza limetoka wapi, hapo umedanganya."

Basi nikajifunza kuchakaza. Nililoweka mabati kwenye maji ya chumvi na kuyaanika juani hadi yakaota kutu yenyewe. Nilikwangua kutu kwenye mataruma ya chuma yaliyotupwa, nikaisaga juu ya jiwe, nikaichanganya na utomvu wa mgunga ili ishike. Oili chafu niliidondosha kwa unyoya wa kuku pale tu ilipotakiwa kudondoka. Masizi niliyatoa kwenye kioo cha taa ya chemli. Vumbi jekundu sikuhitaji kulitafuta, lilikuja lenyewe. Mama alilalamika kwamba nina kucha za fundi baiskeli na kwamba hakuna atakayekuja kunioa, na Mama Elia akajibu kutoka upande wa pili wa ukuta kwamba fundi baiskeli atakuja.

Baba akirudi kazini aliketi kizingitini, akakichukua kiberenge changu na kuanza kunihoji doa kwa doa. Hili? Maji ya mvua yanayotuama, baba. Na hili? Mahali unapofutia mikono. Na huu mviringo juu ya kiti cha pembeni? Hapo Baba Elia huweka kopo lake la chai, nalo linavuja. Baba alicheka hadi akamwita Baba Elia aje aone kopo lake limeandikwa kwenye historia. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kubwa kuliko ile ya kukaguliwa na baba yangu na kukutwa sina kosa.

Siku moja nikakuta jambo geni kwenye breki ya kiberenge chake. Mkono wa breki hushikwa na pini ya chuma. Pini haikuwepo. Mahali pake palikuwa na waya wa kufungia, umezungushwa mara tatu. Nikafanya vivyo hivyo kwenye changu kwa waya wa shaba nilioutoa kwenye redio mbovu, mara tatu, na ncha zake nikazigeuzia ndani kama nilivyoona. Jioni baba alipofika hapo katika maswali yake, akakisogeza karibu na macho.

"Hata hii umeiona."

"Si ipo, baba?"

"Ipo." Akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Mzee Mkumbo anajua. Ameshapiga simu, pini italetwa. Ila mama yako usimwonyeshe. Akiiona hatalala."

Nikaahidi. Mzee Mkumbo alikuwa mnyapara wa gengi letu, mtu wa maneno machache. Alipopita siku ile baba alimwonyesha kiberenge changu kwa majivuno, akimwambia, "Mzee, mwone mkaguzi wangu." Mzee Mkumbo akakiinua, akauona waya, akatazama pembeni. "Mtoto ana macho huyu," alisema. "Nimewapigia mara mbili, mwanangu. Mara mbili." Pini haikuletwa wiki hiyo wala iliyofuata, na wao waliendelea kwenda kazini, kwa sababu kama kiberenge hakiendi, njia haikaguliwi, na treni haimngoji mtu.

Kisha zikaja mvua. Jioni moja kulipopata mwanya baba alikiweka kiberenge changu juu ya kiti cha kiberenge chake, akarudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja. "Sasa ni kimoja," alisema. "Huwezi kusema kipi ni kipi." Alikuwa ananisifu. Mimi niliyachukua maneno yale kama habari, kama mtu anavyoambiwa kwamba kesho kuna shule. Nikakichukua, nikaenda kwenye reli yangu pamoja na Elia, mtoto wa jirani, tukakiachia mteremkoni. Kilipofika katikati nikavuta breki kwa kijiti. Waya ukachomoka. Kikashuka mteremko wote hadi jalalani, kikapinduka magurudumu juu, na mimi na Elia tukacheka hadi tukakaa kwenye matope. Nikaurudishia waya, nikaenda kula.

Asubuhi ikaja taarifa kwamba maji yamechota kokoto kwenye karavati, kule reli inakoshuka kwenda bondeni, na treni ya abiria iko njiani. Baba na Baba Elia wakajiandaa kwenda kutazama. Baba aliukaza ule waya kwa koleo mbele ya macho yangu, akanirudishia koleo, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiitumia kwenye tanki langu la maji. "Tukirudi utanionyesha hilo tanki," alisema. Baba Elia alikuwa na kopo lake la chai.

Ajali yenyewe sikuiona, na waliyonisimulia sitayasimulia yote. Kiberenge hakikushika breki kwenye mteremko, kikaacha reli kwenye kona na kuangukia korongoni. Baba Elia alikufa palepale. Baba alichukuliwa na treni ileile ya abiria ambayo alitoka kwenda kuisafishia njia. Mama akapanda naye kwenda hospitali, na mimi nikaachwa kwa Mama Elia. Hata leo najiuliza mwanamke yule alikuwa mtu wa namna gani. Nyumba yake ilikuwa imejaa waombolezaji, mume wake amezikwa juzi, na bado kila asubuhi aliniita kwa jina na kunipa uji kabla ya watoto wake.

Mimi nilijua nani amefanya ule ubaya. Kiberenge changu na cha baba vilikuwa kimoja, baba mwenyewe alisema. Nilikitia kutu kila siku, nikakizeesha kwa mikono yangu, nikafurahia. Nilikiachia mteremkoni kikaanguka, na nikacheka, na kesho yake kikaanguka. Hakuna mtu aliyenieleza vinginevyo kwa sababu hakuna mtu aliyejua kwamba ninahitaji kuelezwa. Na kama ndivyo, basi dawa ilikuwa wazi: kikiwa kipya, baba atapona.

Nilikaa nyuma ya nyumba siku sita nikisugua. Nilisugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa kipande cha tofali. Nilitoa masizi, nikatoa oili, nikautoa ule mviringo wa chai juu ya kiti. Vidole vilichubuka hadi vikatoa damu, na damu nayo nikaifuta upesi isije ikaleta kutu. Nilifungua waya wa breki nikautupa chooni. Mahali pake nikatia msumari, nikaukata kwa koleo na kuunyoosha, ukakaa vizuri kuliko pini yoyote. Mwisho nikakipaka rangi ya njano iliyobaki kwenye kopo la mafundi waliopaka nguzo za njiani. Siku ya sita kilikuwa kinang'aa kama kile cha kwanza, na usiku wake nililala usingizi mzito.

Siku ya saba mama akarudi peke yake. Niliona jinsi anavyoshuka kwenye treni, nikajua. Nikafikiri: nimechelewa siku moja. Hilo ndilo nililolifikiri, na kwa miaka mingi sikufikiri jingine.

Wiki mbili baadaye walikuja watu watatu kutoka mjini wenye mafaili, kuichunguza ajali. Waliketi kwenye baraza ya Mzee Mkumbo, wajane wawili wakaketishwa mkekani mbele yao, na sisi watoto tukasimama nyuma. Kiberenge kilichoanguka kilikuwa kimeshakatwakatwa na kupakiwa behewani, hakuna aliyejua kimepelekwa wapi. Mama aliwaambia kwamba kabla baba hajafa alirudia neno moja tu, pini, pini. Hawakuandika. Mmoja akauliza kama marehemu alikuwa anakunywa. Mama akamjibu kwamba mume wake hakuwahi kugusa hata togwa iliyochacha. Mzee Mkumbo akasema breki ilifungwa kwa waya na kwamba alitoa taarifa kwa simu, mara mbili. Wakasema simu hizo hazijulikani.

Nilimwona Mama Elia akimtazama mama, kisha akimtazama Mzee Mkumbo. Alikuwa anataka kuamini. Leo naelewa kwamba wale watu watatu walikuwa na majibu yao tangu walipotoka mjini, na kwamba aliyekuwa anangoja kujua ukweli pale barazani alikuwa mmoja tu. Kama breki ilikuwa mbovu, mume wake na baba yangu walikufa pamoja. Kama ilikuwa nzima, basi baba yangu ndiye aliyemuua.

"Subirini," Mzee Mkumbo akasema ghafla, uso umemchangamka. "Kuna mtoto hapa anatengeneza vya bati, na hakosei hata doa. Yunisi! Lete kile kiberenge chako."

Nilikimbia. Mungu anisamehe, nilikimbia kwa furaha, nikidhani wanataka kuona nilivyokitengeneza vizuri.

Nikakiweka mezani juu ya mafaili. Cha njano, safi. Mzee Mkumbo alikitazama kama mtu aliyefungua mlango akakuta si nyumba yake. Mmoja wa wale watu akatabasamu, akavuta breki kwa kidole, magurudumu yakasimama. Akajaribu tena. "Inashika," akasema.

"Haikuwa hivi," Mzee Mkumbo akasema. "Kulikuwa na waya. Yunisi, waya uko wapi?"

Yule mtu akanigeukia, wala hakuwa mkali. "Mtoto mzuri. Wewe ulikiona kiberenge cha baba. Breki yake ilikuwa hivi?"

Nikamtazama mama. Alikuwa amekaa mkekani, macho mekundu, siku nyingi hajalala. Na baba aliniambia nini? Nisimwonyeshe.

"Ndiyo," nikasema. "Ilikuwa hivi hivi."

Mama Elia akasimama. Akajifunga kanga yake vizuri, taratibu, kama mtu anayejiandaa kwenda kuteka maji. "Basi," alisema. "Mtoto wake mwenyewe amesema." Akaingia ndani.

Waliandika uzembe wa dereva. Asubuhi tulikuta ungo wa mama umewekwa kizingitini kwetu, umeoshwa. Mama aliuchukua, akaukumbatia kifuani, akalia kwa Kinyiramba maneno ambayo sikuwahi kumsikia akiyalilia hata kwa baba. Kabla ya mwezi kwisha kila familia ilirudi kwao. Sisi Misigiri, kwenye alizeti na vitunguu. Wao Issuna.

Nilimweleza mama habari ya msumari nikiwa tayari nina mtoto wangu wa kwanza. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema mtoto hana kosa, kisha akageukia ukutani. Hakuniambia niende Issuna, nami sikwenda, na tukaishi hivyo, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze. Alifariki mwaka juzi. Mimi ni mwoga, na uoga wangu una umri mkubwa kuliko wanangu.

Baada ya ile video nilikata galoni ya oili. Sikuhitaji kukumbuka, mikono ilikumbuka yenyewe. Nilitia kutu mahali maji yanapokaa. Niliweka masizi upande wa ekzosi, na mviringo wa chai kwenye kiti cha pembeni. Beka alinitazama wiki tatu bila kuuliza, jambo ambalo si kawaida yake. Mwisho nikafunga waya, mara tatu, ncha zake nikazigeuzia ndani. Nikakifunga kwenye kitambaa, nikapanda basi kwenda Issuna.

Nilimkuta Mama Elia amekaa mlangoni kwake anachambua choroko kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Macho yangu siku hizi ni ya mapambo tu. Nani?"

"Yunisi. Wa gengini."

Mikono ikasimama. Kwa muda nilidhani atanifukuza, na nilitamani anifukuze. Kisha akasogeza kigoda kwa mguu. "Kaa."

Nikamwekea kiberenge mapajani. Hakukitazama kwanza. Alikileta puani.

"Oili chafu," alisema. "Ovaroli lake lilinuka hivi. Nililifua kwa majivu, wapi."

Akakisogeza kwenye mwanga, karibu kabisa na jicho, akakipitia kwa kidole. Kidole kikafika kwenye kiti. "Na huu mviringo?"

"Kopo lake la chai."

"Lilikuwa linavuja. Nilimwambia alitupe." Kidole kikaendelea, kikafika kwenye breki, kikasimama. Kikauzunguka waya mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. "Hii ni nini?"

"Ni waya, mama. Pini haikuwepo. Ilikuwa hivi."

"Kile cha siku ile kilikuwa na msumari."

"Nilibadilisha mimi. Baba alikuwa hospitali. Nilidhani nikikifanya kipya atapona."

Kuku walikuja wakadonoa choroko kwenye ukingo wa ungo, naye hakuwafukuza. Nilisikia pikipiki ikipita barabarani hadi sauti yake ikaisha. Kidole chake kilikuwa bado kiko pale kwenye waya, na kutu imemshika hadi kwenye kucha.

"Mama yako?" akauliza.

"Alifariki. Mwaka juzi."

"Najua. Walimtuma mtu aje kuniambia, nikamzike." Akakiweka kiberenge chini kwa uangalifu, karibu na mguu wake. "Nikamwambia naumwa miguu."

Niliinama nikawafukuza kuku.

"Miguu ilikuwa mizima," alisema.